Kama Vuga Isingeanguka

(Mada niliyoitoa kwa vijana wa chama hapa Lushoto. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Maswali ya ukumbini nimeyaacha, maana yangejaza ukurasa mwingine mzima.)

  

Katibu aliniomba nije nizungumzie Katiba. Nitaizungumzia, lakini naanzia mbali kidogo, maana nimeshaona: ukianza na "ibara ndogo ya saba" tu, watu wote wanainamia simu. Kwa hiyo leo tucheze mchezo wa "ingekuwaje". Tuchukue dola moja iliyokufa, tujiulize ingekuwaje kama isingekufa, halafu tuone nini kingebidi kibadilike ili iishi.

Vijana wengi mchezo huu mnaucheza na Wamongolia. Genghis Khan, farasi, mishale, dola ya wafugaji wanaohamahama iliyomeza nusu ya dunia. Mnaulizana: ingekuwaje kama isingesambaratika? Sawa. Ila angalieni ilisambaratikaje. Genghis alikufa mwaka 1227, na dola ikaendelea kukua. Mjukuu wake Möngke alipokufa mwaka 1259, wadogo zake wawili, Kublai na Ariq Böke, kila mmoja akajitangaza mkuu. Wakapigana kuanzia 1260 hadi 1264. Kublai alishinda, lakini baada ya hapo haikuwa tena dola moja. Hakuna adui wa nje aliyewavunja. Walivunjika nyumbani, kwenye swali la nani akae kwenye kiti.

Sasa mimi nasema hatuhitaji kwenda Mongolia. Panda gari kutoka Mombo, pita Soni, ulizia Vuga. Hapo palikuwa na dola, nayo ilianzishwa na mtu wa kuhamahama.

Mnaijua habari ya Mbegha. Bibi zetu wametusimulia, na Abdallah bin Hemedi, aliyeishi karibu na watawala wale, akaiandika kwa Kiswahili katika kitabu chake Habari za Wakilindi, ambacho wamisionari wa Magila walianza kukichapa miaka ya 1890. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, na ndugu zake wakamnyima urithi wakisema ni nuksi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akatangatanga porini, mpaka akapanda milima hii. Wasambaa walikuwa wanasumbuliwa na nguruwe mashambani. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, akaamua kesi za watu. Vuga akaua simba, akaitwa Simba Mwene. Ilikuwa karne ya 18.

Mimi kama mwanafunzi wa sheria hadithi hii naisoma kwa jicho moja limefumbwa. Ni hadithi ya watawala kuhusu watawala. Mgeni anakuja bila jeshi, wenyeji wanamkabidhi nchi kwa furaha! Tusidanganyane. Lakini hata kama imepambwa, angalieni imepambwa kwa kitu gani. Haisemi "alitushinda vita". Inasema alipewa kwa sababu ya alichowafanyia watu. Yaani hata watawala wenyewe, walipotaka kujisifu, ilibidi waseme kwamba walipewa. Hiyo tayari ni katiba, ingawa haijaandikwa.

Na ilikuwa na maneno yake. Wazee hapa mtanisaidia matamshi. Mtawala mwema anaiponya nchi, kuzifya shi: mvua inanyesha, migomba inazaa, watu wanalala. Mtawala mbaya anaiharibu, kubana shi. Na kuna hali wazee waliiogopa kuliko zote, waliyoiita nguvu kwa nguvu: wakubwa wawili wenye uwezo sawa wanagombania nchi moja. Hapo njaa haina budi kuingia.

Muundo wenyewe ulikuwa hivi. Mbegha alioa kutoka koo za sehemu mbalimbali, na mtoto aliyezaliwa kule akatawala kule, karibu na wajomba zake. Kwa hiyo zumbe wa sehemu alikuwa Mkilindi kwa baba lakini kwa mama alikuwa mtoto wa pale pale. Akili kubwa hiyo. Vuga ndiyo makao makuu, Bumbuli anakaa mrithi akisubiri. Na mfalme mpya akiingia, anaweka wanawe kwenye viti vya mazumbe, wale wa enzi ya baba yake wanapungua nguvu. Ndiyo ilikuwa njia yao ya kubadilisha viongozi: kizazi kinasukuma kizazi.

(Aside kwa akina dada: katika masimulizi hayo hayo yumo Mboza, binti wa ukoo, aliyekosana na ndugu yake Kinyashi, akaondoka na kwenda kuweka utawala wake Mshihwi. Nani kasema wanawake wa milimani siasa wameijua juzi?)

Dola hiyo ilifika kileleni chini ya Kimweri ye Nyumbai, kuanzia takriban 1815. Mkono wake ulishuka Bonde na kufika pwani. Tanga na Pangani, sauti yake ilisikika pamoja na ya Sultani wa Unguja. Mmisionari Krapf alikuja Vuga mwaka 1848 akarudi 1852, akakuta nchi ina utaratibu. Burton na Speke walipanda mwaka 1857. Wao walimkuta mzee, mgonjwa.

Hapo ndipo pa kuweka alama. Kimweri aliishi sana. Ni baraka, lakini kwa mfumo ule ilikuwa hatari, maana wanawe aliowaweka kwenye viti walikaa miaka na miaka. Wakaota mizizi. Wakawa na watu wao, mali zao, marafiki zao. Alipokufa mwaka 1862 kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Kijana. Wana wa kuwaweka kwenye viti hana. Na viti vyote vimekaliwa na baba zake wadogo na wakubwa. Wewe kama kijana umeshawahi kupewa cheo kwenye kikao ambacho wajumbe wote ni baba zako? Basi ndivyo.

Mmoja wa hao alikuwa Semboja, na kiti chake kilikuwa Mazinde. Ukienda Irente, pale watalii wanapopigia picha, ukachungulia chini, unaiona Mazinde kwenye tambarare. Mwanzoni hakikuwa kiti cha kujivunia. Lakini njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita huko chini, na kufikia miaka ya 1860 pembe za ndovu, watumwa, bunduki na baruti vyote vilipita mlangoni kwa Semboja. Vuga juu mlimani ilikuwa na mbuzi, ndizi na heshima.

Nataka hili mlishike kuliko yote nitakayosema leo. Mfalme wa Vuga alikula kodi ya watu: mifugo, chakula, nguvu za mikono. Watu wakigoma, amekwisha. Kwa hiyo alilazimika kuwasikiliza, hata kama hapendi. Semboja alikula njia. Fedha yake haikutoka shambani kwa Msambaa yeyote, kwa hiyo hakuna Msambaa aliyekuwa na kitu cha kumnyima. Mtawala asiyehitaji chochote kutoka kwako hana sababu ya kukuuliza chochote.

Semboja akaleta wapiganaji kutoka nje ya milima, akaipiga Vuga, Shekulwavu akakimbia, na muda si mrefu akafariki. Halafu Semboja akafanya jambo la ajabu: hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu pale juu, yeye akabaki Mazinde. Kiti kiko Vuga, madaraka yako barabarani. Ndugu za Shekulwavu wakaendeleza vita upande wa mashariki. Wabondei wakainuka katika uasi unaoitwa Kiva, wakawafukuza Wakilindi nchini kwao. Na mazumbe, kila upande, wakawa wanauza watu ili wapate baruti ya kukamatia watu wengine. Nguvu kwa nguvu, kama wazee walivyosema, ikaenda miaka zaidi ya ishirini. Wengi wetu humu ukumbini ni vitukuu wa watu waliojificha misituni miaka ile.

Haya, sasa tucheze.

Wengine mtasema: Vuga ingeishi kama ingekuwa na bunduki nyingi kuliko Mazinde. Nakataa. Hapo ungepata Semboja mwingine, anakaa juu badala ya chini. Wengine mtasema: Shekulwavu angekuwa jasiri zaidi. Hiyo ndiyo ndoto yetu Watanzania, kila tatizo tunasubiri mtu. Mimi nabadilisha kitu kimoja tu, na nakibadilisha mapema, Kimweri akiwa bado na nguvu, tuseme mwaka 1850. Anaita wanawe wote Vuga, pamoja na wazee wa Vuga wasio Wakilindi, na wajomba wa kila sehemu. Anaweka sharti: siku nikifa, viti vyote vinarudi. Kila zumbe atasimama mbele ya watu wa sehemu yake, na wao ndio watasema abaki au aondoke. Na ushuru wa njia ya Mazinde ni wa nchi, hauliwi na mtu mmoja.

Haijatoka mbali, angalieni. Wajomba walikuwepo. Wazo la kwamba mtawala anapewa lilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kulisemea, siku ambayo kijana na baba yake mdogo wote wanadai wana haki. Maana mfalme wa Vuga ndiye alikuwa mahakama ya mwisho. Kesi ikiwa juu ya ufalme wenyewe, unaipeleka kwa nani? Semboja aliipeleka kwa bunduki. Simtetei, ila nauliza: angeipeleka wapi kwingine?

Tuendelee. Mwaka 1862 Semboja anaitwa. Huenda watu wa Mazinde wanamtaka, anabaki, lakini ushuru unapanda Vuga. Miaka michache baadaye Wabondei wanaleta malalamiko kwamba watoto wa Kikilindi wanachukua vyakula na mabinti za watu kama mali yao.

Na hapa mchezo wangu unapata taabu, nataka niwe mkweli kwenu. Kwa Msambaa wa Vuga, kuanguka kwa dola ni msiba. Kwa Mbondei, kuanguka kule kulikuwa uhuru wake. Ukiniambia "ingekuwaje kama dola ingeishi", mtu wa Muheza ana haki ya kukuuliza: iishi mgongoni kwa nani? Dola iliyookolewa bila kumpa Mbondei haki ya kusema "huyu simtaki, na akija mwingine wa aina yake simtaki pia" ni jela iliyodumu zaidi. Kwa hiyo katika historia yangu ya kubuni, Wabondei wanaruhusiwa kuondoka. Dola inakuwa ndogo. Inapoteza sehemu ya pwani. Na mimi naona hiyo ndiyo gharama halali ya kuishi. Najua wengine hamkubaliani, nimeona vichwa vinatikiswa huko nyuma, tutabishana.

Je, Wajerumani wasingekuja? Wangekuja. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Useguha, Nguu, Usagara na Ukami akikusanya alama za wino kwenye karatasi ambazo waliotia alama hawakuweza kuzisoma. Nchi iliyogawanyika ni tamu kwa mtu wa aina hiyo, maana kila mgomvi anatafuta mgeni wa kumsaidia dhidi ya ndugu yake. Vuga yenye umoja isingemzuia Mjerumani, lakini ingemlazimisha azungumze na mtu mmoja mwenye watu nyuma yake.

Tuna kipimo cha hilo. Chukueni mwaka mmoja tu, 1895. Mwaka huo Semboja alikufa, na Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga, wakamweka Kinyashi kwenye kiti kama unavyoweka karani. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Berlin wakatoa amri ya ardhi: ardhi wanayoiona haina mwenyewe ni ya dola yao. Sasa fikirieni nchi ambayo watu wake wameuzwa na kukimbia kwa zaidi ya miaka ishirini. Mashamba yamerudi pori. Mgeni anatazama pori anasema, "Hapa hapana mtu." Kumbe watu walikuwepo, waliuzwa na mazumbe wao.

Na mwaka huo huo wa 1895 machifu watatu wa Botswana ya leo, Khama, Sebele na Bathoen, walipanda meli mpaka London kupinga nchi zao kukabidhiwa kampuni ya Cecil Rhodes. Walitoa ukanda wa ardhi kwa ajili ya reli, na sehemu kubwa ya nchi wakabaki nayo. Hawakuwa malaika, na koo zao ziligombana pia. Lakini walikuwa na kgotla, baraza la wazi la kijiji.

Kgotla nimeitaja kwa sababu nusu karne baadaye Wabangwato, watu wa Khama, walipata kesi ile ile ya Vuga. Ile ile! Mrithi ni kijana, Seretse Khama, mjukuu wa Khama. Baba yake mdogo, Tshekedi, ameshika nchi kwa miaka mingi kama mwangalizi. Seretse anamuoa mwanamke Mwingereza, baba mdogo anakataa. Shekulwavu na Semboja wamerudi. Wakaenda wapi? Serowe, kwenye kgotla. Kikao cha kwanza kikamwendea vibaya kijana. Wakakaa tena. Mwaka 1949, mbele ya maelfu ya watu, Seretse akauliza nani wako naye, umati ukasimama. Tshekedi akashindwa, akaondoka na wafuasi wake. Waingereza walikuja kumfukuza Seretse nchini mwaka uliofuata, ndiyo, ukoloni ni ukoloni. Lakini nchi haikuchinjana. Na mwaka 1966 kijana yule ndiye alikuwa Rais wa kwanza wa Botswana.

Sisi tukapata nini? Mwaka 1926 Waingereza wakamrudisha Kinyashi yule yule Vuga ili watawale kupitia kwake. Kiti kimerudi, lakini mwenye kukitoa ni afisa wa wilaya aliyekaa Lushoto. Mwaka 1963, baada ya uhuru, machifu wakafutwa kisheria, na sidhani kama kijana yeyote humu anataka warudi. Mimi sitaki. Nataka kile ambacho Vuga haikukipata.

Ndiyo, makamanda, tumefika kwenye ibara, msishike simu. Katiba ya 1977, Ibara ya 41, ibara ndogo ya 7. Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Diwani unaweza kumpinga mahakamani. Mbunge unaweza. Rais, hapana. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, inayokaa Arusha hapo, iliamua katika kesi ya Jebra Kambole dhidi ya Tanzania kwamba ibara hiyo inavunja Mkataba wa Afrika. Kabla hata ya hukumu hiyo, Novemba 2019, serikali ilikuwa imeshaondoa tamko lililomruhusu raia wa kawaida kufungua kesi pale moja kwa moja. Na ibara ipo mpaka leo.

Wakuu wa mikoa nao: Ibara ya 61, wanateuliwa na Rais. Mkuu wa mkoa wa Tanga hasimami mbele ya mtu yeyote wa Tanga kuulizwa abaki au aondoke. Afadhali hata mtoto wa Mbegha, yule alikuwa na wajomba.

Jambo la kuchekesha, au la kusikitisha, chagueni wenyewe: Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa hapa Lushoto. Watumishi wa mahakama za nchi hii wanasomea kwenye milima ambayo dola yake ilivunjika kwa kukosa mahali pa kupeleka kesi moja. Wanafundishwa kuamua kesi za mipaka ya mashamba, mirathi, talaka, wizi wa kuku. Ile kesi kubwa kuliko zote, milango yote wanayofundishwa kuifungua, ule mmoja umepigwa kufuli.

Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya Desemba 2013 ilikuwa imegusa kufuli hilo. Ilipendekeza matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Isomeni, inapatikana. Habari za Wakilindi nayo nimeacha nakala kwa katibu. Msome kwa zamu, siku tatu tatu, na tafadhali kirudi na jalada lake.

Nakaa sasa. Nilimuona kaka mmoja pale nyuma anayetikisa kichwa tangu nilipowaruhusu Wabondei waondoke. Kaka, simama wewe kwanza.